Sevisi ya pikipiki ndogo ya porini: anza jioni, na usianze na oili

Kila kiangazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, naulizwa swali lile lile na maafisa ugani, wahudumu wa afya na vijana wa miradi: "Fundi, oili nimebadilisha juzi tu, mbona inafuka moshi na mlima haipandi?" Nafungua kifuniko cha ubavuni, natoa filta ya hewa, nayo imegeuka tofali. Au haipo kabisa, kuna mtu aliitoa "ili ipumue vizuri".

Kwa wengi wetu sevisi maana yake ni kumwaga oili. Oili ni nusu tu ya kazi, tena si nusu ya kwanza. Kosa la pili ni mpangilio. Mtu anapasha injini moto amwage oili, kisha ndipo anazikumbuka valvu, ambazo hupimwa injini ikiwa baridi. Au anafua filta asubuhi, anachoka kuisubiri ikauke, anairudisha mbichi na kuondoka. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata saa. Unaanza jioni, unamaliza kesho yake kabla ya chakula cha mchana.

Nazungumzia pikipiki za cc 100 hadi 200 zinazopozwa kwa upepo: Honda XL125 za zamani, XR150L, Yamaha XTZ125, na zile za Kichina zilizoiga mtindo huo. Wenye Yamaha AG100 na DT125, ambazo ni tustroki, yaani injini inayochoma oili yake pamoja na petroli, mna sehemu yenu karibu na mwisho.

## Ifanywe mara ngapi

Namba za kitabu cha pikipiki zimewekwa kwa matumizi ya kawaida, na chini yake mara nyingi kuna mstari mdogo unaosema upunguze muda ukiendesha kwenye vumbi au maji. Mstari huo ndio wetu. Mimi nafuata hivi: filta ya hewa kila wiki wakati wa vumbi, cheni kila kilomita 500, oili kila kilomita 1,500, valvu kila kilomita 3,000. Anayekaa Kapchorwa au Bundibugyo kwenye matope atahangaika zaidi na cheni, breki na beringi kuliko filta, lakini filta asiisahau.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa bolti yoyote

Kusanya vyote kwanza. Kazi nyingi huharibika pale mtu anapofungua, anagundua hana kitu fulani, anaondoka kwenda sokoni, na mtoto anapita na ile nati.

- Spana za namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, na spana kubwa ya nati ya ekseli ya nyuma
- Bisibisi mbili, bapa na ya nyota, na plaizi
- Fila geji, yaani zile karatasi nyembamba za chuma za kupimia mwanya
- Oili ya pikipiki, lita 1 au zaidi kidogo
- Oili nzito ya gea, SAE 80 au 90, nusu lita. Itatumika kwenye filta na kwenye cheni
- Mafuta ya taa lita 1, sabuni ya unga, beseni mbili
- Grisi, brashi ngumu, mswaki wa zamani, vitambaa visivyotoa nyuzi
- Wosha mpya ya bolti ya kumwagia oili, na klipu ya akiba ya cheni
- Kipima upepo wa tairi
- Kreti la soda la kuinulia injini, kama pikipiki haina stendi ya kati
- Jerikani ya kuwekea oili chafu

Kuhusu oili, angalia mgongoni mwa chupa maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili iliyokusudiwa pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nzuri kwa gari lakini kwa klachi yako ni utelezi: unapiga resi, injini inalia, pikipiki haiendi. Uzito unaofaa umeandikwa kwenye kitabu. Mara nyingi ni 10W-30 au 10W-40, na kwenye joto kali vitabu vingi vinaruhusu 20W-50. Nunua chupa ambayo muhuri wake unaufungua mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana chupa tupu za oili nzuri huku zina wanunuzi wake, na hawanunui kuwekea maua.

## Hatua ya 1, jioni: osha bila kuitesa

Uchafu ulio nje utaingia ndani ukifungua plagi au kifuniko cha valvu. Ndiyo sababu kuosha kunatangulia.

Acha injini ipoe kwanza. Ziba tundu la ekzosi kwa kitambaa. Tumia maji, brashi na sabuni. Ukipeleka kwenye sehemu ya kuoshea magari, mwambie kijana asielekeze bomba la presha kwenye habu za magurudumu, sanduku la filta, kabureta wala shingo ya usukani. Maji ya presha hupenya sili, hufukuza grisi, na baada ya miezi miwili unanunua beringi ukidhani ni bahati mbaya.

Wakati unaosha, tazama. Hapa ndipo unapoona nati iliyopotea, ufa kwenye fremu, oili inayovuja kwenye foku. Mimi naogopa zaidi pikipiki safi isiyokaguliwa kuliko chafu.

Dalili ya mafanikio: ukipitisha kidole kuzunguka plagi na kifuniko cha valvu, hakitoki na mchanga.

## Hatua ya 2, jioni hiyo hiyo: filta ya hewa

Kaa hapa. Ukiruka hatua zote ukafanya hii, bado utakuwa umeiongezea pikipiki maisha.

Injini ya cc 125 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta pumzi mara 3,000 kila dakika. Pumzi hizo huku ni vumbi la gari lililokupita. Vumbi ni mawe yaliyosagwa, na chembe zake nyingine ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, zinakwangua silinda na ringi za pistoni kama msasa. Ringi zikishalika, oili inapanda juu kuungua na petroli. Ule moshi wa bluu unaoniuliza ndio huo, na hakuna chupa ya oili mpya itakayouondoa.

Fungua. Kwenye pikipiki nyingi filta iko nyuma ya kifuniko cha ubavuni au chini ya kiti. Kabla hujaitoa, angalia ilivyokaa. Ikibidi piga picha kwa simu. Ikishatoka, ziba mdomo wa bomba linaloelekea kabureta kwa kitambaa safi.

Tambua aina. Kama ni sponji, inafuliwa. Kama ni karatasi kavu, gonga taratibu vumbi lianguke, kisha puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unasukumia vumbi ndani zaidi. Kama ni karatasi iliyopakwa oili kiwandani, inayonata kidoleni, haisafishwi kabisa. Inabadilishwa. Ukiipuliza au kuiosha umeiua.

Fua sponji kwenye mafuta ya taa, kwa kuikamua kama unavyobana chungwa. Usiinyonge kama nguo, itachanika kwenye gundi. Na tafadhali, usitumie petroli. Inakula gundi ya sponji, na mvuke wake unatambaa chini hadi ukute jiko la mkaa la jirani. Baada ya mafuta ya taa, fua kwa maji ya sabuni, suuza mara mbili, ikamue ndani ya kitambaa, itundike kivulini usiku kucha. Jua kali la saa sita huikausha haraka, na huikatakata haraka vile vile.

Wakati inakauka, futa sanduku lake kwa ndani kwa kitambaa chenye oili kidogo. Chini ya sanduku tafuta kijibomba kidogo chenye kizibo. Kizibue. Yakitoka maji au oili, umejua kitu ambacho watu wengi hawajui kwamba kipo. Kirudishe kizibo, kwa sababu tundu hilo likibaki wazi ni mlango wa vumbi.

Asubuhi, ipake oili. Hapa ndipo wasomaji wengi wanaponiangusha. Sponji ikikauka wanairudisha hivyo hivyo. Sponji kavu kuzuia vumbi laini ni kama chandarua kuzuia unga: vipande vikubwa vinabaki, unga unapita. Oili ndiyo inayolinasa vumbi. Mimina oili ya gea, ibane ibane mpaka sponji yote iwe na rangi moja, kisha ikamue mpaka iache kudondosha. Ikibaki imelowa chapachapa, injini itakosa hewa na kutoa moshi mweusi. Ukiwa na oili maalumu ya filta, hiyo ni bora zaidi. Oili chafu uliyomwaga kwenye injini isikaribie hapa.

Paka grisi nyembamba kwenye ukingo unaokaa kwenye sanduku, irudishe ilivyokuwa, na hakikisha ukingo haujajikunja.

Dalili ya mafanikio: baada ya wiki, fungua na upitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa kabureta. Kikitoka cheupe, filta inafanya kazi. Kikitoka na wekundu wa murramu, kuna upenyo. Kagua ukingo, kaza klempu ya bomba, tafuta ufa kwenye mpira.

## Hatua ya 3, asubuhi: valvu na plagi, kabla ya kuwasha

Usiwashe, hata "kusikiliza kidogo". Chuma kikipata moto hutanuka na vipimo vyote vinadanganya. Injini ikae baridi kabisa, na usiku mmoja unatosha.

Kama hujawahi kuseti tapeti, yaani mwanya wa valvu, mwachie fundi, lakini simama pale na umkatalie akitaka kuifanya pikipiki ikiwa imetoka safarini sasa hivi.

Kwa anayeijua mikono yake: toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Fungua vifuniko viwili vya valvu, na vile viwili vya upande wa magneto. Kwa spana, zungusha kinyume na saa, ukitazama kutoka kushoto, mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye kifuniko. Sasa tikisa mikono ya valvu zote mbili. Ikicheza kidogo, uko pazuri. Ikiwa mmoja umebana, pistoni iko juu lakini kwa mzunguko usio wetu. Zungusha duara moja zima, utapatia.

Ingiza fila geji ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Ni namba ndogo sana, mara nyingi karibu na milimita 0.1 au chini ya hapo, kwa hiyo usikisie kwa jicho. Ipite kwa ukinzani mdogo, kama unavyovuta noti iliyobanwa katikati ya kitabu. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza kipimo.

Onyo moja linalowashangaza watu: valvu inayolia tik tik haina haraka ya kufa. Iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa. Mwanya ukiisha, valvu ya moshi haifungi vizuri, joto halipati pa kwenda, na ukingo wake unaungua. Anayekwambia "nimeibana mpaka imenyamaza" anakuuzia injini nyingine.

Plagi unayo mkononi, isome. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni afya. Masizi makavu meusi: petroli nyingi kuliko hewa, rudi uangalie filta. Nyeusi yenye oili mbichi: ringi au sili za valvu zinapitisha. Nyeupe kama chaki: hewa nyingi au joto limezidi. Isugue kwa brashi, pima mwanya wake kulingana na kitabu, kisha iingize kwa vidole kwanza mpaka ikome. Plagi mpya yenye wosha iongeze nusu mzunguko kwa spana, na ya zamani iguse tu, moja ya nane ya mzunguko. Nyuzi za kichwa cha injini ni alumini laini, hazisamehi.

Dalili ya mafanikio: kiki ya kwanza au ya pili, na mlio uliotulia wenye tik ndogo sana.

## Hatua ya 4: sasa ndiyo zamu ya oili

Filta ikiwa imesharudi mahali pake, washa injini kwa dakika tatu hadi tano. Oili yenye joto ni nyepesi na hubeba uchafu uliokuwa umetuama. Zima, weka chombo chini, fungua bolti ya kumwagia. Legeza pia kifuniko cha kujazia ili hewa iingie. Tahadhari na mikono na ekzosi, maana alama nyingi za kuungua ninazoziona miguuni na mikononi zinatoka hapa.

Simamisha pikipiki wima, uache oili idondoke dakika kumi. Itazame oili. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa kama maziwa yaliyochanganywa na chai, maji yameingia, labda ulipovuka mto. Usiiendeshe mpaka umwage na kujaza oili rahisi, uizungushe kidogo, umwage tena.

Injini nyingi ndogo za Honda na ndugu zake wa Kichina hazina filta ya oili ya karatasi. Zina chujio la wavu wa chuma, mara nyingi nyuma ya kifuniko kikubwa chenye springi, na pikipiki inaweza kukaa miaka bila mtu kulifungua. Lioshe kwa mafuta ya taa. Unga mng'aavu kidogo si habari mbaya. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari, na ni ya kumpelekea fundi leo.

Weka wosha mpya, kaza bolti kwa kiasi. Usisimame juu ya spana. Nyuzi za chini ya injini zikikatika, utakuwa umetengeneza kazi ya siku mbili kwa nguvu ya sekunde moja.

Jaza kwa kipimo cha kitabu, kwa kawaida karibu lita 1. Kupima kiwango, kwa Honda nyingi kijiti unakiingiza bila kukisokota, pikipiki ikiwa wima. Washa dakika mbili, zima, subiri kidogo, pima tena. Usizidishe alama ya juu "kwa usalama". Oili iliyozidi inatafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni bomba la kupumulia linaloishia kwenye filta uliyoifua usiku.

Oili chafu weka kwenye jerikani. Najua huku inapakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa. Ila kuimwaga mtaroni ni kuinywa baadaye kisimani.

## Hatua ya 5: cheni

Kosa hapa linafanana kila mahali, kuanzia Arua hadi Kabale. Watu hukaza cheni kama kamba ya kuanikia nguo na kujisifu kwamba haipigi kelele.

Pikipiki ya porini ina safari ndefu ya shokapu. Gurudumu la nyuma likipanda, umbali kati yake na spoketi ndogo ya mbele unaongezeka mpaka ekseli, kiungo cha mkono wa nyuma (ule unaobeba gurudumu) na spoketi vinapokaa mstari mmoja. Cheni iliyobana ukiwa umesimama haina pa kwenda ukiingia shimoni. Inavuta beringi ya gea, inavuta ekseli, na mwisho inakatika au inavunja kifuniko cha injini. Cheni iliyolegea kidogo ina kelele. Iliyobana ina gharama.

Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa imezimwa na gea kwenye nyutro, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Kamwe usiwashe injini na kuweka gea ili cheni ijizungushe wakati unashika kitambaa. Vidole vinapita kati ya cheni na spoketi kwa urahisi kuliko unavyodhani, na havirudi.

Pima uchakavu. Vuta cheni kuelekea nyuma, katikati ya spoketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, cheni imekwisha. Ibadilishe pamoja na spoketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyopinda kama pezi la samaki italika upesi ifanane nayo.

Pima mlegeo. Zungusha gurudumu utafute sehemu iliyobana kuliko zote, upime hapo, katikati ya upande wa chini. Namba halisi mara nyingi iko kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma. Kibandiko kikifutika, pikipiki nyingi za aina hii huhitaji milimita 30 hadi 40 za kupanda na kushuka.

Rekebisha. Legeza nati ya ekseli na nati ya ule mkono unaoshika sahani ya breki. Zungusha virekebishi vya pande zote mbili sawasawa, ukihesabu alama kushoto na kulia. Sukuma gurudumu mbele ligote, kaza ekseli, kaza mkono wa breki, rudisha pini. Pima tena, kwa sababu kukaza ekseli hubadilisha kipimo.

Paka oili ya gea kwenye safu ya ndani ya cheni, ikizunguka itasukumwa kwenda nje yenyewe. Subiri kidogo, futa ya ziada. Oili chafu ya injini isitumike, imejaa unga wa chuma.

Klipu ya kiungio: upande wake ulioziba uelekee kule cheni inakokwenda. Niliwahi kuigeuza mwenyewe, kwa haraka ya jioni, nikaipoteza njiani kati ya Kotido na Kaabong. Nilisukuma pikipiki hadi giza likanikuta, na waliokuwa wanachunga ng'ombe walinipita wakicheka kwa upole.

Dalili ya mafanikio: ukikaa juu ya pikipiki na mtu mwingine nyuma, cheni bado ina mchezo kidogo.

## Hatua ya 6: breki, tairi na spoki

Breki zinafuata cheni kwa sababu kusogeza gurudumu la nyuma kunabadilisha kanyagio la breki ya nyuma, na hata swichi ya taa ya breki. Watu wengi wanakaza cheni, wanasahau, kisha breki inashika njia nzima.

Kanyagio lishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Kwa breki za dramu, angalia kishale kwenye mkono wa breki ukiwa umekanyaga: kikifika alama ya mwisho, ndani kumekwisha. Diski ya mbele, tazama unene wa pedi na kiwango cha oili ya breki kwenye kidirisha. Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaa sawa inalia kama kengele ya mbuzi, iliyolegea inatoa sauti ya bati. Iongeze robo mzunguko tu, kisha nenda kwa inayofuata. Spoki moja iliyokazwa kwa hasira inapinda rimu.

Upepo upime asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kwa mtu mmoja, pauni 22 mbele na 22 hadi 25 nyuma zinafaa kwa pikipiki nyingi za aina hii. Ukibeba abiria au mzigo, ongeza nyuma kama kitabu kinavyosema. Shusha sana uone tyubu ikichanwa na jiwe.

## Hatua ya 7: mambo madogo

Funga koki ya petroli, fungua kikombe chake, mwaga maji na uchafu. Legeza bolti ya chini ya bakuli la kabureta, acha yatoke matone machache, kaza. Pikipiki inayokufa kila mvua ikinyesha mara nyingi inatibiwa hapa, bila kununua chochote.

Waya wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, na wa resi milimita chache. Tia tone la oili juu ya waya. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha sasa, si kule Kidepo. Kisha geuza usukani kushoto na kulia ukiwa umewasha: mlio ukipanda, waya wa resi umebana mahali.

## Wenye tustroki

AG100 na DT125 hazina valvu za kuseti, na oili ya injini haimwagwi, inaungua. Mnachobadilisha ni oili ya gea. Tangi la oili ya tustroki lijazwe kila mnapojaza petroli, kwa oili ya JASO FC au FD, na msiliache likauke hata siku moja, pistoni itashika. Filta kwenu ni ile ile, na ina umuhimu ule ule. AG100 ina cheni iliyofunikwa kabisa, ndiyo sababu inadumu, na ndiyo sababu mnaisahau. Kifungueni kifuniko kile angalau kila msimu.

## Hatua ya 8: majaribio

Endesha kilomita tano, mchanganyiko wa lami na murramu kama ipo. Usipige resi kubwa. Simama, zima, kagua chini ya injini kama kuna tone. Gusa kwa tahadhari habu ya nyuma na ya mbele. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto na hukufunga breki sana, breki inashika, legeza kirekebishi.

Andika kilomita na tarehe kwenye utepe wa kubandika, uuweke ndani ya kifuniko cha ubavuni, pembeni ya filta. Ukifikisha kilomita 100 kaza tena nati ya ekseli, bolti za spoketi na spoki. Vitu vilivyofunguliwa karibuni hulegea mapema.